Tasnifu na Mkulima wa Mgeta

Chini ya milima ya Uluguru, mjini Morogoro, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo Aprili ya mwaka huo huo. Na katika maktaba yake zimehifadhiwa tasnifu nyingi juu ya udongo, mbolea na maji, zilizotungwa aghalabu kwa Kiingereza, ilhali mkulima wa Mgeta, huko juu milimani, hupata habari zake kwa kusikia tu, kama akizipata.

Simlaumu mwanachuoni kwa kuwaandikia wanachuoni wenziwe, kwani hadhira ile ina haki yake, nayo hudai hesabu na ushahidi. Dhara huanza pale ibara ile ile ichukuliwapo ilivyo na kupandishwa mlimani. Tuseme imeandikwa: nitrojeni kilo 50 kwa hekta. Mtahini ataridhika. Afisa wa halmashauri atauliza ni mifuko mingapi, na ifike kabla ya mvua zipi. Naye mkulima, ambaye dukani hununua urea na shambani huhesabu ekari, ahitaji kuambiwa kwamba ekari moja yataka mfuko wa kilo 50 kasoro kilo sita hivi, kisha aonyeshwe kwa kizibo cha soda kiasi cha kutia kando ya kila shina, na kuhimizwa aifukie, maana katika miteremko ile mvua kubwa huizoa mbolea iliyoachwa juu ya ardhi.

Milima hii imekwisha kuona hasara ya elimu isiyomjali anayeambiwa. Katika mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza mwaka 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi halikuwa baya, lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na majembe yakaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, katika milima hiyo hiyo, na mpango ukaachwa. Kwa insafu yangu, wataalamu wale walipungukiwa na ilmu yenyewe, kwa sababu waliojua wembamba wa udongo ule ndio walioamriwa kunyamaza na kuchimba.

Basi nawasihi walimu wa chuo: tasnifu yoyote ihusuyo mashamba ya watu isijalidiwe mpaka iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliosomwa kwa sauti mbele ya bwana shamba na wakulima wa kijiji kilichofanyiwa utafiti, na maswali yao yakajibiwa humo.