Je, Wajua? Annie Aliyepotezewa Kaburi

Je, wajua kwamba mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo cha Ellis Island, New York, alikuwa msichana kutoka Ayalandi? Annie Moore, mwenye miaka 17, alipanda meli ya Nevada katika bandari ya Queenstown, ambayo leo ni Cobh, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Wazazi wao walikuwa wametangulia. Tarehe 1 Januari 1892 akashuka wa kwanza, akakabidhiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Baada ya hapo akasahaulika. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Texas, akafia huko. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alipozifuata karatasi, aligundua kuwa Annie wa Texas alizaliwa Illinois, humohumo Marekani! Annie halisi, ilibainika mwaka 2006, hakuhama New York. Aliolewa, akazaa watoto wengi na kuwazika wengi wao wangali wadogo, naye akafariki mwaka 1924. Kaburi lake huko Queens lilikaa bila jina hadi 2008. Mwanamke aliyefungua mlango wa Ellis Island alistahili zaidi.

Na ikiwa kumtafuta Annie huko Marekani kulikuwa na utata huo, kumfuata Mwayalandi hadi alikotoka ni kazi ngumu zaidi. Moto wa Juni 1922 jijini Dublin uliteketeza karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, hivyo watafiti hutegemea vitabu vya ubatizo vya parokia na orodha za abiria wa meli.