Harusi ya watu 300 Mwanhuzi: Bia kreti ngapi, waini chupa ngapi?

Saa tatu usiku. Maharusi wameshaingia, keki imekatwa, MC yuko kwenye kiwango chake. Mara mweka hazina anaguswa begani na kuitwa nje. Bia zimeisha, na meza ya wakwe ndiyo kwanza imeanza kuchangamka.

Kinachofuata kila mwanakamati anakijua. Simu zinapigwa, bodaboda inatumwa kununua kwa bei ya baa, na hela iliyokuwa ya mpiga picha inahamia kwenye bia.

Yapo pia mambo ya upande wa pili. Sherehe imeisha salama, asubuhi stoo ina kreti 20 ambazo hazijaguswa, mwenye duka anataka hela yake, na maharusi wanaanza maisha na deni.

Yote mawili yanatokana na kosa moja: kamati ilikadiria kwa macho. Hesabu yenyewe si ngumu. Kalamu, orodha ya wageni na nusu saa vinatosha.

Anza na wanywaji, si wachangiaji

Kamati nyingi huchukua idadi ya kadi, zinazidisha kwa bia nne, basi. Kwa Mwanhuzi na Simiyu kwa ujumla, hapo ndipo hela inapopotelea.

Ukumbi wa harusi huku kwetu una watu mchanganyiko. Wamo waumini wa AICT, Wasabato, walokole na Waislamu, ambao wengi wao hawagusi pombe. Wamo wajawazito, watoto waliokuja na mama zao, na watu wenye dozi hospitali. Kuna na madereva waliokodiwa kuleta ndugu kutoka Bariadi, Maswa au Shinyanga, na hao hawatakiwi kuguswa na chupa kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua orodha ya kadi na ukae na watu wawili, mmoja wa upande wa bwana harusi na mmoja wa upande wa bibi harusi. Pitieni jina kwa jina na muweke alama: B kwa bia, W kwa waini, S kwa soda. Usimkisie mtu usiyemjua. Waulize ndugu zake, wanajua.

Tuchukue mfano wa kadi 170. Kadi dabo 130 ni watu 260, kadi singo 40 ni watu 40. Jumla watu 300. Baada ya kupitia majina, tuseme mmepata hivi:

- Wanywaji wa bia: 120
- Wanywaji wa waini: 30
- Wasiokunywa pombe: 150

Kwenye harusi yako mgawanyo utakuwa tofauti. Ukoo wenye wachungaji wengi utakuwa na S nyingi, na harusi ya vijana waliosoma pamoja chuo itakuwa na B nyingi. Ndiyo maana hesabu ya harusi ya jirani haiazimwi.

Wanaopenda pombe kali waandike pembeni. Kama kamati imeamua kuwanunulia, wape chupa zao na uwatoe kwenye hesabu ya bia. La sivyo utawalipia mara mbili.

Bia nne zinatoka wapi?

Tazama ratiba ya ukumbi. Sherehe ikianza saa moja jioni na kufungwa saa sita usiku, ni saa tano. Mgeni wa kawaida hupata bia moja kabla ya chakula, moja wakati wa chakula, na mbili kipindi cha zawadi na muziki. Hizo ni nne.

Yupo atakayekunywa sita, na yupo atakayekunywa mbili aondoke kuwahi watoto. Wastani unabaki pale pale. Sherehe ya saa tatu tu, bia tatu zinatosha.

Kumbuka pia chupa zetu nyingi ni za nusu lita. Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 imebeba mililita 25 za kilevi halisi. Glasi ya waini ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina mililita 18. Maana yake mtu aliyemaliza bia nne kubwa ameshakunywa vya kutosha. Kamati inayopanga bia nane kwa kichwa inapanga ugomvi.

Geuza kuwa kreti

Watu 120 mara bia 4 ni chupa 480. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya chupa zitakazovunjika na wageni wa ghafla. Unapata 528.

Sasa angalia kreti. Zipo za chupa 20 na zipo za chupa 25, kutegemea kampuni na aina ya bia. Usichukulie kwamba zote ni sawa, hesabu matundu pale pale dukani.

- Kreti za chupa 25: unahitaji 22
- Kreti za chupa 20: unahitaji 27

Kamati iliyozidisha watu wote 300 kwa bia nne ingenunua chupa 1,200, yaani kreti 48 za chupa 25. Tuseme bei ya jumla ni sh 2,000 kwa chupa. Ukinunua kreti 22 badala ya 48, umeokoa chupa 650, sawa na sh 1,300,000. Kwa maharusi wanaoanza maisha, hiyo ni kodi ya nyumba na godoro.

Usinunue aina moja tu, na pia usinunue aina nane. Aina nne zinatosha. Gawa kwa kuangalia baa za mtaani kwako zinauza nini zaidi. Kanda ya Ziwa, Balimi ina watu wake, na jina lenyewe kwa Kisukuma ni wakulima. Safari, Kilimanjaro, Serengeti na Castle Lite nazo zina wenyewe. Wazee na vijana hawanywi bia moja, hivyo angalia orodha kabla ya kugawa.

Waini: chupa moja, glasi tano

Chupa ya kawaida ya mvinyo ni mililita 750. Ukimimina mililita 150 kwa glasi, unapata glasi tano. Mhudumu asiyeelekezwa hujaza glasi mpaka juu, na chupa inaishia glasi tatu. Mwonyesheni kipimo kabla wageni hawajaingia.

Watu 30 mara glasi 4 ni glasi 120. Gawa kwa 5, unapata chupa 24. Ongeza 3 za akiba, jumla 27.

Kwa ladha, wageni wengi wa harusi wanapenda waini nyekundu tamu. Ile kavu huonjwa na kuachwa mezani. Kwa kila chupa tatu, mbili ziwe tamu na moja kavu. Waini ya Dodoma inafanya kazi nzuri, na si lazima kulipia ya Afrika Kusini ili meza ipendeze kwenye picha.

Shampeni ya kugonga glasi

Hii ihesabiwe peke yake. Ukumbi wenye meza 30 za watu kumi kumi unahitaji chupa moja kwa meza, jumla 30. Kila mtu atapata kama mililita 75, na kwa kugonga glasi hiyo inatosha.

Ushauri: chukua isiyo na kilevi kwa meza zote. Mchungaji, shehe na bibi wa Kisabato wote watainua glasi bila kigugumizi. Yenye kilevi, ukitaka, ibaki meza kuu tu.

Usisahau nusu ya ukumbi

Watu wa soda wanalalamika kimya kimya, ila hawasahau. Weka soda 3 kwa kila asiyekunywa pombe, hizo ni 450. Weka na soda 1 kwa kila mnywaji, kwa sababu wengi huanza nayo, hizo ni 150. Jumla 600. Kreti ya soda ina chupa 24, kwa hiyo ni kreti 25.

Maji weka chupa mbili za nusu lita kwa kila mtu. Chupa 600, ambazo kwa kartoni za chupa 24 ni kartoni 25. Maji humsaidia mnywaji, usiyabane.

Ya moto au ya baridi?

Swali hili la kila baa lina faida kwa kamati. Wapo wageni wengi, hasa wazee, wanaoagiza ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji. Hivyo huhitaji kupoza kreti zote.

Poza theluthi moja kwanza. Zikikaribia kwisha, ingiza theluthi nyingine. Kuna sababu ya hela hapa: bia iliyolala kwenye maji ya barafu hubanduka lebo, na mwenye duka hataipokea ukimrudishia. Iliyobaki kavu kwenye kreti inarudishika.

Umeme nao una tabia zake. Andaa barafu na mapipa, usitegemee friji za ukumbi peke yake.

Makubaliano na mwenye duka

TBL na Serengeti zina viwanda vya bia Mwanza, na bia inabidi isafiri mpaka kwa mawakala wa wilayani. Baada ya wakulima kuuza pamba, harusi zinarundikana Jumamosi moja, na aina inayopendwa inaweza kukosekana mjini. Wakati wa mvua gari linaweza kuchelewa njiani. Toa oda wiki mbili kabla, pokea mzigo siku mbili kabla.

Kabla ya kulipa, kubalianeni mambo manne kwa maandishi:

1. Kreti ambazo hazijafunguliwa zinarudishwa kwa bei ile ile.
2. Siku ya mwisho ya kurudisha ni lini.
3. Dhamana ya kreti na chupa tupu ni kiasi gani.
4. Chupa ikivunjika inalipwa bei gani.

Namba tatu na nne ndizo zinazozaa madeni ya kimyakimya. Chupa tupu ni mali. Zihesabu usiku ule ule kabla turubai halijashushwa, maana ikifika asubuhi watoto wa mtaa wameshazikusanya.

Bia huisha kwa kubebwa

Unaweza kupiga hesabu sahihi kabisa na bado zikaisha saa tatu, kwa sababu nyingi hazikunywewa. Kreti iliwekwa chini ya meza ya marafiki wa bwana harusi, nyingine ikaingia kwenye buti la gari, na wazamiaji wakapata mgao kuliko waalikwa.

Dawa ni ndogo:

- Stoo iwe na mtu mmoja mwenye ufunguo. Asiwe mnywaji, na awe mtu ambaye wajomba hawawezi kumtisha.
- Daftari liwe na safu tatu: zilizoingia, zilizotoka, tupu zilizorudi.
- Mhudumu apewe bia mpya akirudisha chupa tupu. Hii peke yake inazuia kreti za chini ya meza.
- Hakuna kreti nzima mezani, hata kwa meza ya kamati.
- Bia za sendofu na za mkesha zitoke kwenye fungu lake. Zisichotwe kwenye stoo ya ukumbi.

Na tusemane ukweli, wanakamati. Bia za vikao na za kuvunja kamati zisitoke kwenye michango bila kuandikwa. Mtu aliyetoa elfu hamsini yake aliichangia harusi.

Kabla hujafungua chupa ya kwanza

Kagua stempu. Tangu Januari 2019, bia, mvinyo na pombe kali zinatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA, na unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Waini inayouzwa nusu ya bei ya wengine ina sababu yake.

Walio chini ya miaka 18 hawapewi pombe, hata kama ni mdogo wake bwana harusi. Na mkiamua wageni wajinunulie baada ya mgao, muuzaji lazima awe na leseni ya vileo.

Mwisho ni usafiri. Wageni wa mbali wapangieni gari lenye dereva wa soda, na funguo za pikipiki za waliozidiwa zibaki kwa mtu wa stoo mpaka asubuhi. Saa moja kabla ya kufunga, acheni kutoa bia, toeni maji.

Kwa kifupi, kwa watu 300 wa mfano wetu

- Bia: kreti 22 za chupa 25, au 27 za chupa 20
- Waini: chupa 27
- Shampeni: chupa 30
- Soda: kreti 25
- Maji: kartoni 25

Badilisha namba ziendane na orodha yako, halafu itume kwenye grupu la WhatsApp la kamati kabla ya kikao kijacho. Atakayesema "ongezeni kreti kumi tu, msituaibishe", mwombeni kwa heshima ataje majina ya watakaozinywa.