Alipaye leo, akakunyang'anya kesho

Ndugu msomaji, hapo zamani mfanyabiashara mdogo alikuwa na maadui wawili: mwizi wa usiku na mdeni asiyelipa. Mwizi alizuiwa kwa komeo, na mdeni aliandikwa daftarini hadi siku ya mshahara. Siku hizi amezuka adui wa tatu, ambaye haji usiku wala hakopi. Huja mchana kweupe, kwa maneno ya adabu. Hulipa papo hapo kwa simu. Huchukua mzigo wake akashukuru. Kisha hugeuka na kudai kwamba fedha ile aliituma kwa makosa, na kuomba arudishiwe. Akifaulu, amepata mali bure, nawe umepoteza mali na fedha kwa pamoja.

Adui huyu hana haja na matajiri wenye wanasheria na wahasibu. Shabaha yake ni yule auzaye trei kumi za mayai, keki mbili za harusi au debe la korosho. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumbani kwako, na yafaa lizungumzwe mezani pamoja na mambo ya ada na unga.

BIASHARA ILIYOHAMIA KIGANJANI

Si siri kwamba familia nyingi za mjini haziishi kwa mshahara peke yake. Nenda Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Kuanzia Maili Moja hadi Picha ya Ndege na Tumbi utakuta mwalimu, karani au muuguzi ambaye uani kwake mna banda la kuku, jiko la kuokea au cherehani. Nenda Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, utakuta familia zinazoishi kwa embe, mihogo, nazi na korosho.

Zamani mali hizo zilingoja mchuuzi aje na bei yake, au zilipelekwa sokoni Kariakoo alfajiri. Fedha ya mnunuzi wa mbali ilikuja kwa hawala ya posta, au ndani ya bahasha iliyokabidhiwa kondakta wa basi. Mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom ikaileta huduma hiyo Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Leo mama wa Maili Moja huyapiga picha mayai yake, huyatangaza kwenye WhatsApp, Facebook au Instagram, na mnunuzi aliye Tabata huagiza bila kuinuka kitini. Fedha huingia kwenye simu, na mzigo hupakiwa kwenye daladala au bodaboda.

Neema hii ni kubwa, wala hatuna haja ya kuilaani. Lakini biashara ya kuonana uso kwa uso ilikuwa na mashahidi: jirani wa meza ya pili, mpagazi, wapita njia. Katika biashara ya simu muuzaji na mnunuzi hawajuani hata kwa sura, na shahidi pekee ni ujumbe mfupi ulioandikwa. Hapo ndipo laghai alipopata mlango.

HILA YENYEWE ILIVYO

Kwanza hapana budi tuelewe kwamba kurudisha muamala ni jambo la haki. Mtu akikosea tarakimu moja, fedha ya dawa za mgonjwa huangukia kwa mtu asiyemjua. Basi mtandao humpa nafasi ya kuomba irudishwe. Fedha ikiwa bado imo katika akaunti ya aliyeipokea, mtandao waweza kuizuia wakati dai linachunguzwa. Laghai huichukua haki hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya mkosefu mkweli, akaifanya silaha.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja anauza mayai. Mnunuzi anapiga simu: "Shikamoo mama, habari za kazi? Nahitaji trei ishirini, nina shughuli." Bei ni shilingi 9,000 kwa trei, jumla shilingi 180,000. Fedha inaingia kweli. Mama anatazama salio na kuridhika. Mzigo unapakiwa kwenye bodaboda. Saa moja baadaye yule mnunuzi anampigia mtoa huduma wake na kudai kwamba alikuwa anamtumia ndugu yake, akakosea namba. Mama yuko bandani, simu iko chumbani inachajiwa. Anaporudi anakuta fedha imezuiliwa. Anapiga namba ya mnunuzi, haipatikani.

Sasa tupige hesabu, maana mahesabu ndiyo yaonyeshayo ukubwa wa jeraha. Tuseme kila trei ilimgharimu mama shilingi 8,000 kwa chakula cha kuku, dawa na usafiri, na faida yake ni shilingi 1,000. Akipoteza trei 20, mtaji uliokwenda ni shilingi 160,000. Ili aupate tena kwa faida ya shilingi 1,000, itambidi auze trei 160 bila kula hata senti moja ya jasho lake. Na kama mtaji huo aliukopa kwenye kikundi cha VICOBA, au vibaya zaidi kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wamewabatiza jina la kausha damu, rejesho la wiki halitangoja. Kwa wengine atakuwa amepoteza mayai tu. Kwa watoto wake itakuwa ni ada iliyokwenda.

NDUGU ZAKE HILA HII

Laghai hana njia moja. Yuko atumaye ujumbe uliotungwa kwa mkono wake mwenyewe, ukafanana kabisa na ule wa mtandao: kiasi, tarehe, hata namba ya muamala. Tofauti ni kwamba hutoka kwenye namba ya mtu binafsi, na salio lako halisogei. Yuko pia atumaye picha ya skrini iliyochezewa, akisema, "Nimeshalipa, mtandao ndio unachelewa, mpe dereva mzigo."

Wa tatu ni mjanja zaidi. Hukutumia fedha iliyozidi, kisha hukupigia kwa sauti ya unyonge: "Mama, nimezidisha laki moja, nakuomba unirudishie kwa namba hii nyingine." Tazama mtego ulivyo. Ukiituma laki hiyo kwa namba nyingine, umefanya muamala mpya kwa hiari yako. Yeye akienda kudai muamala wa kwanza, wewe utadaiwa yote. Tena huenda fedha ile haikuwa yake tangu mwanzo, bali imeibwa kwa mtu mwingine, ambaye naye ataidai kwa haki.

Wa nne hupokea bidhaa, kisha husema si ile aliyoiagiza, naye hataki kuirudisha ila anataka fedha yake. Kwa kuwa muuzaji hakupiga picha mzigo kabla ya kuufunga, hana la kujibu.

SI SISI PEKE YETU

Tusidhani kwamba balaa hili ni la Pwani tu. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria ya kumwezesha mwenye kadi ya mkopo kupinga malipo yasiyo sahihi, na mwaka huo huo Uingereza ikapitisha sheria yake ya mikopo ya wanunuzi, iliyomfanya mkopeshaji naye awajibike pale muuzaji anapovunja mkataba. Nia ilikuwa njema: kumlinda mnyonge aliyeuziwa kitu kibovu na kampuni kubwa. Lakini biashara ilipohamia kwenye intaneti, na muuzaji naye akawa mnyonge wa chumba kimoja, haki ile ile ikaanza kutumiwa na wanunuzi wasio waaminifu: hupokea mali, kisha huiambia benki kwamba hawakuipokea. Benki huirudisha fedha, na muuzaji hubaki akihangaika kutafuta ushahidi.

Je, dawa ni kuifuta haki ya kurudishiwa fedha? Hasha. Wako wauzaji matapeli pia, wanaotangaza simu mpya na kutuma kipande cha sabuni. Ukiifuta haki hiyo utakuwa umemvua mnunuzi mkweli nguo yake. Dawa ni kutenganisha fedha ya biashara na fedha ya kutumiana ndugu kwa ndugu. Huko Kenya Safaricom imeanzisha kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo huduma iitwayo Pochi la Biashara, ambamo mlipaji hawezi kujirudishia fedha bila ya muuzaji kukubali. Hapa kwetu ziko Lipa Namba za mitandao, ambazo huonyesha jina la biashara kwa mlipaji. Aliyelipa mahali palipoandikwa jina la duka la mayai atapata taabu kueleza kwamba alidhani anamtumia shangazi yake.

SHERIA INASEMAJE

Wananchi wengi hudhani kwamba mkataba usio na muhuri wa wakili si mkataba. Sivyo. Makubaliano ya kuuziana mali, hata kama yamefanywa kwa mdomo, yaweza kuwa na nguvu. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki uwe ushahidi mahakamani. Hivyo yale mazungumzo yenu ya WhatsApp, ambayo wengi huyafuta ili kupunguza uzito wa simu, ndiyo hati yako.

Na yule alaghaiye hajafanya utundu tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitaja kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu ulaghai na kughushi kunakofanywa kwa kompyuta au simu. Polisi wana wajibu wa kukusikiliza hata kama thamani ni ya trei ishirini.

Huenda utauliza: kwa nini laghai haogopi, na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu agizo lililofikia mwisho wake tarehe 20 Januari 2020? Ni kwa sababu wengine hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari. Piga *106# ukatazame ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe, la sivyo siku moja utatafutwa wewe.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi tujiwekee kanuni za nyumbani.

Kwanza, usiamini ujumbe, amini salio. Kabla ya kukabidhi mzigo, fungua menyu ya mtandao wako na uhakikishe kwamba fedha imeingia.

Pili, pokea malipo ya biashara kwa Lipa Namba, wala si kwa namba unayopokelea salamu za ndugu.

Tatu, kabla ya malipo mwandikie mnunuzi ujumbe unaotaja bidhaa, idadi, bei na mahali pa kupeleka, naye ajibu kwamba amekubali. Maneno matano yake yatakuokoa.

Nne, piga picha mzigo kabla ya kuufunga, na andika jina la dereva, namba ya pikipiki na saa ya kuondoka. Mpokeaji naye athibitishe kwa maandishi kwamba amepokea.

Tano, usirudishe fedha iliyozidi kwa mkono wako. Mwambie kwa upole: "Ndugu yangu, piga simu kwa mtandao wako, nao watairudisha kwa utaratibu." Mkweli atakubali, laghai atatukana.

Sita, simu ya biashara isiachwe chumbani. Ikiwa ameachiwa mtoto au msaidizi wa nyumbani, afundishwe kanuni hizi, asije akamwachia dereva mzigo kwa sababu ya picha tu.

Na ukishapatwa, usikae ukilia. Mpigie mtoa huduma wako papo hapo, upinge dai hilo, na uombe namba ya malalamiko yako. Nenda polisi na ushahidi wako. Ujumbe wa kitapeli uutume kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kama mtoa huduma hakukutendea haki baada ya kumlalamikia, Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia huduma hizi, na kanuni zake za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakupa njia ya kupeleka malalamiko mbele.

NENO KWA SISI WANUNUZI

Ndugu msomaji, leo wewe ni muuzaji, kesho ni mnunuzi. Wako vijana wenye kazi na mshahara wanaofanya hila hii kwa mzaha, kisha husimuliana vijiweni jinsi walivyokula keki ya bure. Yafaa waambiwe na wazazi wao, bila kuumauma maneno, kwamba huo ni wizi. Hakuna tofauti kati ya kuvunja banda la mama wa Maili Moja usiku na kumpokonya fedha yake kwa kidole mchana.

Na wenye mitandao nao wanao wajibu. Anayeomba kurudishiwa fedha mara kwa mara, kila mara kutoka kwa muuzaji mwingine, anajulikana katika kumbukumbu zao. Ni haki wamhoji yeye kwanza, kabla ya kumzuilia mwanamke wa Kisarawe fedha yake ya mihogo na kumtaka athibitishe kwamba si mwizi.

Biashara yetu ya zamani iliendeshwa kwa mali kauli: mtu alichukua mzigo kwa neno lake, akarudi na fedha, kwa kuwa aliyevunja neno hakupata tena pa kuchukulia. Simu haikuiondoa haja ya neno. Imeiongezea daftari tu, na daftari hilo liko mkononi mwako. Lianze kuandikwa leo hii, kabla ya oda ya kesho asubuhi.