Kanisa Lililobaki Bila Kijiji

Wengi wenu mwajua gharama ya kikanisa cha kijiji: mmekifyatulia matofali wenyewe, na kila masika mwatengeneza paa. Sikilizeni habari za kikanisa kimoja cha wakulima wa zamani, huko Wharram Percy, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kiliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Martino.

Wataalamu walichimba kijijini humo tangu 1950 hata 1990. Chini ya sakafu ya kanisa waliona alama za kanisa la kwanza, lililojengwa kwa miti katika karne ya 10. Baadaye likajengwa la mawe, dogo. Watu walipozidi kuwa wengi, ukuta wa kusini ulitobolewa, yakawekwa matao, na ubavu mpya ukaongezwa. Kisha wa kaskazini vivyo hivyo. Basi kuta zile zasomwa kama daftari la ubatizo.

Mwaka 1349 tauni iliingia Yorkshire. Watu hupenda kusema kwamba tauni ndiyo iliyokimaliza kijiji, sivyo. Waliosalia walishika majembe wakaendelea kulima. Waliokuja kuwashinda ni kondoo! Sufu ilileta faida kuliko nafaka, na mnamo mwaka 1500 bwana wa nchi aliwaondoa watu wa nyumba nne za mwisho, mashamba yakawa malisho.

Kanisa halikufa siku ile, kwa kuwa lilikuwa parokia ya vijiji vya jirani pia. Hata baada ya Uingereza kutengana na Roma mwaka 1534, watu wa Thixendale walizidi kuja kwa miguu kusali na kuzika wafu wao. Lakini walikuwa wachache mno kwa jengo lile. Mbavu zote mbili zikabomolewa, matao yakazibwa kwa mawe. Alama zake zaonekana mpaka leo. Mwaka 1870 Thixendale walipata kanisa lao wenyewe, na lile la zamani likabaki na watu wa kuhesabika. Liliachwa mwaka 1949, na mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaanguka.

Katika kuchimba, ilionekana mifupa ya watu karibu 700, wakiwamo watoto wachanga wengi, wazawa wa nyumba ambazo sasa ni matuta ya majani tu. Kuta za kanisa zingali zimesimama, hazina paa, na mifugo yalisha kando yake.