Maji ya Kidimbwi Yakichafuka, Tufanye Nini?

Ndugu wanakikundi, mvua ikianza huku Timau mifereji hushuka na tope, na vidimbwi vya samaki hugeuka rangi. Wengi wetu hukimbilia kumwaga maji yote na kujaza mengine. Tusifanye haraka hivyo. Samaki wakibadilishiwa maji yote kwa ghafula husumbuka na hata kufa, na hapo pesa za kikundi zimepotea. Kwanza tujue ni uchafu wa aina gani.

Chota maji ndani ya chupa safi ya kioo, uiache imetulia mpaka kesho yake. Kisha utazame:

1. Tope limelala chini na maji ya juu ni safi. Huu ni udongo wa mfereji au wa kingo. Chimbeni shimo la kutulizia tope kabla maji hayajaingia kidimbwini. Pandeni nyasi kwenye kingo, chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua upande wa juu, na ng'ombe wasinywe humo.

2. Maji bado ni ya kahawia. Huu ni udongo laini sana ambao hautulii upesi. Zuieni unakotoka, kama tulivyosema hapo juu. Kuongeza maji yale yale ya tope hakusaidii kitu.

3. Maji ni ya kijani. Hivi ni vimea vidogo sana, na kwa tilapia ni chakula. Ingiza mkono wima majini. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi: acheni kutia samadi kwa muda, na mwongeze maji safi kidogo kidogo.

4. Maji ni ya kijivu na yananuka. Chakula au samadi inaoza. Acheni kulisha siku moja au mbili, toeni mabaki, na mbadilishe sehemu tu ya maji. Baadaye wapeni samaki kile wanachomaliza kwa dakika chache, basi.

Alfajiri ndiyo saa ya kukagua. Mkiona samaki wamepanda juu wakitweta, hewa imepungua majini, kwa maana usiku vile vimea navyo hutumia hewa. Fungueni maji safi mara moja, yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Jambo moja ni la kwetu hasa. Timau ni baridi. Tilapia hupenda maji ya joto, na huku juu hukua polepole. Trauti hupenda maji baridi, safi, yanayotiririka wakati wote. Kijani kinachomfaa tilapia hakimfai yeye, na tope huziba mashavu yake anayopumulia. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Lakini kidimbwi ni kimoja na maji ni mengine. Kabla ya kununua vifaranga, mwulizeni afisa wa samaki ni samaki gani anafaa maji yenu.

Ya kuzungumzia kwenye mkutano wenu:
– Maji yetu hupita wapi kabla ya kufika kidimbwini?
– Nani hulisha samaki, na nani huangalia kama wamemaliza?
– Zamu ya alfajiri ni ya nani wiki hii?