Kampuni Kubwa Zajishonea Herufi

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Msemo huu sasa umeingia hata katika biashara za ulimwengu. Kampuni kubwa zinapobadili sura zao hazitosheki tena na nembo mpya na rangi mpya. Huagiza na herufi zao wenyewe, zikachorwa moja moja tangu A hata Z, mwengine asizitumie ila kwa idhini.

Waama, jambo hili si geni. Mnamo mwaka 1913 Frank Pick, mkubwa katika kampuni ya treni za chini ya ardhi mjini London, alimtaka Edward Johnston amchoree herufi. Kuta za stesheni zilikuwa zimejaa matangazo ya biashara, na yeye alitaka ilani za reli zitambulikane mara moja. Herufi hizo zilitoka mwaka 1916. Zimerekebishwa mara kadha, hata mwaka 2016 zilipotimiza miaka 100, lakini msafiri wa London bado huongozwa nazo.

Johnston hakuwa fundi wa mitambo. Alikuwa mwalimu wa khati, akifundisha kuandika kwa kalamu ya ncha pana. Ndiyo maana nukta yake juu ya i na j si duara, bali imesimama kwa pembe nne, kama kalamu iliyokatwa inavyoacha alama inapogusa karatasi. Msomaji aliyepata kuchonga kalamu ya mwanzi akiwa chuoni ataitambua nukta hiyo. Ni jamaa ya ile ambayo Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliifanya kipimo cha herufi za Kiarabu: alifu hupimwa kwa nukta, na nyengine zikafuata alifu.

Siku hizi imezuka sababu ya pili, nayo ni fedha. Herufi za kompyuta zina wenyewe, na kampuni inayozitumia hulipa ijara. Netflix ilipotoa herufi zake mwaka 2018, ilieleza kuwa itaokoa mamilioni ya dola kwa mwaka. IBM ilitoa zake, ziitwazo Plex, mwaka 2017, ikamruhusu kila mtu kuzitumia bila malipo.

Hata hivyo, mwenye kuandika Kiarabu ana lake la kusema. Mara nyingi herufi za Kilatini huchorwa kwanza, kisha za Kiarabu zikabanwa zilingane nazo, mkia wa jimu na wa aini ukafupishwa ili usizidi mstari. Dubai ilitaka kuepuka hayo ilipotoa herufi za jina lake mwaka 2017 kwa kushirikiana na Microsoft. Nadine Chahine, msanifu kutoka Lebanon, alizichora za Kiarabu na za Kilatini kwa wakati mmoja, kila moja ikimwangalia mwenziwe.

Hapa ndipo sisi watu wa mwambao tunapoguswa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alisaidia kuzihifadhi tungo za Muyaka kwa khati hiyo. Lakini Kiarabu hakina pa, cha wala va. Baadhi ya waandishi wetu waliongeza nukta. Wengine waliandika ba tu, wakamwachia msomaji ajue kama ni ba, pa au mba.

Herufi huchorwa kwa ajili ya aliyeziagiza. Reli iliagiza, Dubai ikaagiza. Utenzi wa mababu zetu ukipigwa chapa kwa khati yake, huazima herufi zilizochorwa kwa lugha nyengine. Vyuo vikuu na vyama vyetu vya Kiswahili havina budi kuliangalia jambo hili maadamu wangaliko wazee wanaojua kusoma miswada hiyo, kwani wao ndio watakaomwambia mchoraji nukta ikae wapi.