Sera kwa Lugha ya Nani? Kiswahili katika Mafunzo ya Maafisa wa Serikali

Makala haya yanagusia jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili huwaachia wenzetu wa sayansi ya siasa, nalo ni mafunzo ya maafisa wa serikali katika utungaji wa sera na utawala bora. Nionavyo mimi, mafunzo hayo yana pengo la lugha, na pengo hilo linatuhusu.

Nchini Kenya, kitovu cha mafunzo haya ni Lower Kabete, Nairobi. Mwaka 1961, uhuru ukiwa unabisha hodi, palianzishwa Kenya Institute of Administration ili kuwaandaa Waafrika watakaoshika nafasi za maafisa tawala wa kikoloni. Sheria ya mwaka 2012 iliiunganisha taasisi hiyo na vyuo vingine vya serikali ikawa Kenya School of Government, ambayo ina kampasi pia huko Mombasa, Matuga, Embu na Baringo.

Afisa tawala wa enzi ya ukoloni aliita baraza ili kutangaza amri. (Inashangaza kwamba utawala uliliazima neno linalotaja kibao cha mazungumzo nje ya nyumba ya Mswahili, ukayaacha mazungumzo yenyewe.) Afisa wa leo hufunzwa hatua za sera: kulitambua tatizo, kulinganisha njia za kulitatua, kuidhinisha mojawapo, kuitekeleza, kisha kuitathmini. Katiba ya mwaka 2010 nayo imemwekea masharti. Kifungu cha 10 kinataja utawala bora, uadilifu, uwazi na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 232 kinadai wananchi wahusishwe katika mchakato wa kutunga sera. Yaani wawepo chakula kikiwa jikoni, wala si kukaribishwa kuonja kilichokwisha kupakuliwa.

Hata hivyo, mafunzo hayo na nyaraka zake aghalabu huwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Athari yake niliishuhudia katika kikao kimoja cha kukusanya maoni juu ya bajeti ya kaunti. Afisa, kijana mwenye adabu na bidii, alisoma makadirio kwa Kiingereza, akafafanua kwa Kiswahili cha kukwamakwama, kisha akaomba maoni. Mzee mmoja akasimama: "Mwanangu, maoni tunayo. Lakini tuyatoe juu ya nini?" Kijana akacheka kwa haya, akarudia maneno yale yale. Kikao kilipokwisha, mzee alitia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, akaenda zake. Katika ripoti, yamkini amehesabiwa miongoni mwa walioshirikishwa.

Isidhaniwe kuwa dawa ni tafsiri tu. Lichukuliwe neno sera lenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitumia siasa kwa maana hiyo: siasa ya TANU juu ya ujamaa na kujitegemea. Sikio la Mkenya wa leo likisikia siasa, linasikia kura na vyama. Sera ndilo neno tulilolikubali, lakini nalo limeingia mitaani na majukwaani, ambako mgombea "humwaga sera" na msikilizaji hatarajii kuona chochote kikitimizwa. Hivyo afisa anaposimama na kusema "sera ya kaunti kuhusu maji", huenda anaeleweka kuwa anatoa ahadi ya kampeni. Mkufunzi asiyelijua hilo hawezi kumtahadharisha mwanafunzi wake.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoweza kubisha hodi Kabete. Ningependekeza zoezi moja jepesi. Kila afisa anayefunzwa kutunga sera aandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, bila istilahi ambayo hakuifafanua, akionyesha nani atanufaika, nani atagharimika na fedha zitatoka wapi. Kisha ausome mbele ya watu wasio maafisa: wapishi wa chuo, walinzi, wachuuzi wa pale langoni. Asipewe alama kwa ufasaha wake. Apewe alama ikiwa mmoja wao ataweza kuipinga sera hiyo na kutaja sababu.